Ukimya na Ukatazo: Kutafuta Hitilafu katika Msaada wa Mbali

Mhasibu anapokwama mbele ya kompyuta yake, si lazima fundi apande ngazi hadi chumbani mwake. Toleo la Windows XP, lililotoka mwaka 2001, lilileta programu ya msaada wa mbali. Kwa programu hiyo fundi huona mezani kwake kioo cha kompyuta ya mhasibu na, akiruhusiwa, huiendesha. Mwenye kompyuta hubaki kitini pake akitazama kila kinachotendwa, naye aweza kukatiza kazi wakati wowote.

Hata hivyo, mara nyingi kompyuta mbili za ofisi moja hukataa kuunganika. Hapo ndipo makosa ya hatari hufanyika. Kila kompyuta ina programu ya ulinzi, mfano wa bawabu, inayochagua pakiti za habari za kupitisha na za kuzuia. Fundi mwenye haraka humfukuza bawabu, kazi ikafanikiwa, kisha akasahau kumrudisha. Dawa ya namna hiyo huponya upesi mno hata watu wasione kuwa ni sumu.

Njia ya kisayansi ni kuigawa safari ya wito katika hatua, na kuijaribu kila hatua peke yake. Hatua ya kwanza ni jina. Jina kama UHASIBU3 ni kwa manufaa ya binadamu tu; hapana budi ligeuzwe kuwa anwani ya namba, mathalani 192.168.1.25. Katika ofisi nyingi anwani hizo hukodishwa kwa muda, kama vyumba vya nyumba ya wageni. Kompyuta iliyozimwa kwa siku kadhaa huenda ikapewa namba nyingine, na daftari la majina lililomo katika seva likichelewa kusahihishwa, wito humwendea asiyehusika. Basi na aitwe kwa jina, kisha kwa namba. Namba ikiitika na jina lisiitike, kebo haina kosa; kosa limo daftarini.

Mwaliko wenyewe una udhaifu wa aina hiyo. Faili ambalo mhasibu humpelekea fundi hubeba anwani iliyokuwapo wakati lilipotengenezwa. Akichomoa kebo na kutumia mtandao usio na waya, mwaliko wa asubuhi ile haufai tena. Kadhalika akilifunga dirisha la kungojea kwa kudhani halina kazi, mwaliko umekwisha.

Ili kujua kama kompyuta ya pili inafikika, mafundi hutumia amri iitwayo ping. Ilitungwa mwezi Desemba 1983 na Mike Muuss, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya jeshi la Marekani, naye aliipa jina kutokana na mlio wa vyombo vinavyopima vilindi vya bahari kwa mwangwi. Hupeleka pakiti ndogo na kungoja irudi. Ikirudi, njia ni nzima. Isiporudi, hakuna lililothibitishwa, kwa kuwa bawabu aweza kuwa ameagizwa asijibu miito ya aina hiyo. Wanafunzi wengi, na mafundi si wachache, hulikosea jambo hili: kutojibu si ushahidi wa kutokuwapo.

Jaribio lenye maana zaidi ni kuuendea mlango wenyewe. Programu zinazopokea wito husikiliza kwenye milango yenye namba, kuanzia 1 hadi 65535. Mlango ukijaribiwa, matokeo yaweza kuwa matatu. Ukifunguka, njia na bawabu hawana lawama. Likija jibu la kukataa, tena upesi, kwa kawaida maana yake ni kwamba pakiti zimefika ila hakuna programu inayosikiliza. Pengine msaada wa mbali haukuwashwa. Lakini ukipita muda mrefu kimya, sekunde 20 hivi, kisha jaribio likakoma lenyewe, pakiti zimepotea njiani au zimetupwa na bawabu. Ukatazo na ukimya huonekana kuwa hasara moja kwa mtumiaji asiye na subira, kumbe kimoja humwelekeza fundi kwenye programu na kingine kwenye njia.

Mara nyingi ukimya huo husababishwa na jambo dogo: Windows imeuandika mtandao wa ofisi kuwa wa hadhara, kama ule wa hotelini, na bawabu amezidisha ukali. Kusahihisha maandishi hayo kwatosha.

Kuna mtego hapa. Katika Windows XP msaada wa mbali ulipitia mlango namba 3389. Kuanzia Windows Vista ya mwaka 2007 mambo yalibadilika: programu huchagua mlango kila mara, baina ya 49152 na 65535, na bawabu huitambua kwa jina lake. Fundi anayefuata maelekezo ya zamani na kuufungua mlango 3389 hapati msaada wa mbali. Amefungua mlango wa huduma nyingine, ile ya kuiendesha kompyuta yote kutoka mbali bila mwenyewe kuwapo. Mwezi Mei 2019 Microsoft ilitangaza kasoro iliyopewa jina la BlueKeep, iliyoweza kumwingiza mvamizi kwa mlango huohuo bila nywila, katika Windows 7 na matoleo ya kabla yake.

Saa nayo yafaa kutazamwa. Katika ofisi ambamo seva moja huthibitisha watumiaji wote, tofauti ya saa inayozidi dakika 5 kwa kawaida hutosha kumfanya fundi akataliwe, hata kama nywila ni sahihi. Betri ndogo iliyokufa ndani ya kompyuta kuukuu yaweza kuleta hali hiyo.

Hata baada ya kuunganika, kioo chaweza kuwa cheusi ghafla upande wa fundi. Asikate mawasiliano. Inawezekana kwamba Windows imemwuliza mhasibu kama anaridhia badiliko kubwa, na swali hilo limefichwa makusudi machoni pa aliye mbali. Fundi amwombe mhasibu kwa simu atazame kioo chake na kujibu.