Bima ya maisha: mtaji wa nje, malipo ya shilingi

MAKAMPUNI ya bima ya nje yamekuwa yakinunua hisa katika soko la bima ya maisha la Afrika Mashariki. Kwa mfanyabiashara wa mpunga wa Kivukoni, Ifakara, anayeshawishiwa na wakala kulipa ada kwa miaka 15 au 20, jambo la kuangalia si ukubwa wa jina lililo kwenye hati, bali thamani ya fedha atakazolipwa mwishoni.

Tanzania ilifunga soko hilo mwaka 1967, biashara yote ya bima ilipowekwa chini ya Shirika la Bima la Taifa (NIC). Sheria ya 1996 ikafungua mlango kwa makampuni binafsi. Mwaka 2005 Sanlam ya Afrika Kusini ilinunua African Life, iliyokuwa na biashara nchini. Prudential ya Uingereza iliingia Kenya mwaka 2014 kwa kununua Shield Assurance. Mwaka 2023 Sanlam na Allianz ya Ujerumani ziliunganisha biashara zao za Afrika, nje ya Afrika Kusini.

Kinachowavuta ni hiki: kwao wenye bima tayari ni wengi, huku ni wachache na vijana wamejaa. Tena, mteja wa bima ya maisha hulipa miaka mingi kabla ya kudai. Fedha hizo kampuni huziwekeza, hasa katika hatifungani za Serikali.

Mtaji mpya huimarisha kampuni, na Sheria ya Bima ya 2009 inataka angalau theluthi moja ya umiliki iwe ya Watanzania. Lakini mkataba wa shilingi hulipwa kwa shilingi. Mwaka 1985 dola moja ilikuwa karibu Sh. 17 kwa bei rasmi. Mwaka 1995 ilizidi Sh. 500. Bima ya Sh. 100,000, iliyokuwa zaidi ya dola 5,000, haikufika dola 200 miaka kumi baadaye.

Mwekezaji wa nje naye huumia shilingi ikishuka, kwani gawio lake hulibadili kuwa randi au yuro. Tofauti ni kwamba yeye ametawanya mtaji katika nchi nyingi. Mwenye duka Ifakara ana shilingi tu.

Kabla ya kutia saini, mteja aulize: kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA)? Bonasi ipi ni ya uhakika na ipi ni makadirio? Akivunja mkataba mwaka wa tatu atarudishiwa kiasi gani? Je, anaweza kulipa mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, badala ya kila mwezi?

Bima ni kinga nzuri kwa familia mlipaji akifariki mapema. Akiba ya uzeeni isitegemee hati hiyo peke yake.