Chawa wa kichwa

Watoto, nani kati yenu asiyemjua chawa? Ni mdudu mdogo, mkubwa wao hapiti mbegu ya ufuta. Ana miguu 6, na kila mguu una ukucha uliopindika kama ndoana. Kwa kucha hizo anashika unywele kwa nguvu, hata ukioga mtoni haondoki. Mabawa hana. Kuruka kama kiroboto hawezi. Anatembea tu, naye anahama vichwa vinapogusana: kitandani, mchezoni, au watoto wawili wakisoma kitabu kimoja.

Chakula chake ni damu. Mara kadhaa kwa siku anatoboa ngozi ya kichwa na kunywa. Hapo mtoto anajikuna, kucha zake chafu zinachubua ngozi, na vidonda vinatoa usaha. Usiku halali vizuri. Asubuhi anasinzia mbele ya ubao.

Watu husema mwenye chawa ni mchafu. Sivyo. Chawa anakaa katika kichwa safi kama katika kichwa kichafu. Nilimjua msichana wa darasa la tatu ambaye wenzake walimcheka hata akakaa nyumbani juma zima. Tulipotazama vichwa vyote vya darasa, wawili kati ya wale waliomcheka walikuwa nao pia.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa watu wengi wanashindwa. Adui mkubwa ni yai. Chawa jike hutaga mayai kadhaa kila siku, na kuyabandika kwenye unywele karibu na ngozi kwa gundi ambayo maji na sabuni haviiondoi. Baada ya siku 7 hadi 10 yai linaanguliwa. Baada ya siku nyingine kama 10, chawa yule mchanga naye anaanza kutaga. Basi mama akiua chawa wote leo na kuacha mayai, juma lijalo nyumba inao tena, naye anadhani mtoto amewaleta kutoka shuleni.

Kwa mvulana dawa ni rahisi: kunyoa. Mayai yako karibu na ngozi, yanaondoka pamoja na nywele. Lakini wembe uwe mpya au uliochemshwa, na kila mtu awe na wake.

Msichana asiyetaka kunyolewa afumue misuko yote. Osha nywele, kisha zipake mafuta mengi, ya mawese au ya karanga. (Ya mawese yanatia nguo rangi, vaa nguo ya zamani, mama asikasirike.) Mafuta hayaui mayai, lakini yanamlegeza chawa na kufanya kichanuo kiteleze. Gawa nywele mafungu madogo, na uchane kila fungu toka ngozini hadi mwisho, kwa kichanuo chenye meno yaliyokaribiana sana. Kila mara futa kichanuo kwa kitambaa cheupe, uone kilichotoka. Kazi hii inachukua saa moja au zaidi, nayo inataka mwanga wa jua na dada mvumilivu.

Rudia siku ya 4, ya 7, ya 10, ya 13 na ya 16. Piga alama za makaa ukutani, usisahau. Hivyo kila chawa anayeanguliwa anakamatwa kabla hajataga. Ukimwona hata mmoja siku ya mwisho, endelea. Na watu wote wa nyumba watazamwe siku ileile, hata nyanya na mtoto mchanga.

Wako wanaopaka petroli ya taa kichwani. Msikubali kamwe! Inaunguza ngozi, mvuke wake unadhuru mapafu, na cheche moja tu ya moto jikoni yatosha kumwunguza mtoto. Dawa ya kuua wadudu wa shamba na maji ya tumbaku ni sumu inayopita ngozini. Mtu mzima akitaka kukupaka vitu hivyo, mwambie kwa heshima: « Mama, tuulize kwanza kwenye dispensari. » Na mwenye vidonda vya usaha au homa apelekwe huko bila kukawia.

Godoro msilichome. Chawa akikosa damu siku 2 hivi, anakufa. Kofia, vitambaa vya kichwa na shuka vifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani; kichanuo nacho kitiwe katika maji ya moto dakika 10.