Muzee anatetemeka: ni Parkinson ao ni AVC?

Katika familia zetu, mukono wa muzee ukianza kutetemeka, mumoja anasema: "Alishapata AVC." Mwingine anajibu: "Hapana, hiyo ni bintu ya bulozi." Leo tutenganishe mambo, maana kuchanganya hapa kunaweza kuua mutu.

Parkinson inaingia polepole. Ndani ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili. Chembe hizo zikikufa, mukono unatetemeka hata ukiwa umepumzika, viungo vinakakamaa, hatua zinakuwa fupi. Wazazi wetu wanamukumbuka Muhammad Ali, aliyemupiga George Foreman pale Kinshasa mwaka 1974. Waganga walimukuta na Parkinson mwaka 1984. Alikufa mwaka 2016, miaka 32 baadaye.

AVC, yaani kiharusi, haina subira hiyo. Mushipa wa damu katika ubongo unaziba ao unapasuka, na mara moja mudomo unapinda, mukono wa upande mumoja unalegea, maneno yanagoma kutoka.

Je, magonjwa haya mawili yanahusiana? Ndiyo, kwa njia tatu.

Kwanza, viharusi vidogo vidogo vikirudia vinaweza kuharibu sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo. Mutu anatembea kama mugonjwa wa Parkinson, shida ikiwa zaidi kwenye miguu, na dawa ya levodopa mara nyingi haimusaidie sana.

Pili, Parkinson inaweza kuvuruga tansio: akisimama inashuka, anasikia kizunguzungu, akilala inaweza kupanda. Na tansio ya juu njo sababu kubwa ya AVC. Lakini kama Parkinson yenyewe inaongeza hatari ya AVC, watafiti hawajakubaliana: uchunguzi fulani unasema ndiyo, mwingine hapana.

Tatu, na hapa njo kuna hatari: mugonjwa wa Parkinson akipata AVC, nyumbani wanasema, "Ni ule ule ugonjwa wake, tumuache alale." Asubuhi, muda umepita. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida inatolewa ndani ya saa 4 na nusu, kisha skana kuonyesha kwamba hakuna mushipa uliopasuka. Hata kama skana iko mbali, hospitali inaweza kuchunga pumzi, tansio na sukari yake.

Basi, mabadiliko yakikuja kwa ghafla, mwambie acheke, ainue mikono yote miwili, aseme maneno machache. Kimoja kikigoma, angalia saa, mupeleke hospitali. Usimupe chakula, wala aspirini: kama mushipa umepasuka, utazidisha kutoka damu.

Wewe uliyesoma, njo wewe familia itapigia simu usiku. Usiwaambie "tuone kesho."