Je, Wajua? Kiti Kikibaki Wazi, Nani Hukijaza?

Abiria anayepanda feri Kamanga, wilayani Sengerema, na kushuka katikati ya jiji la Mwanza huwa amevuka Ghuba ya Mwanza na jimbo kwa mkupuo mmoja. Ng'ambo alikotoka ni Jimbo la Sengerema. Anakoshukia ni Nyamagana. Kila upande una mbunge wake, madiwani wake na halmashauri yake. Kiongozi akifariki, akijiuzulu au akivuliwa nafasi kabla ya miaka mitano kwisha, wengi husema, "Basi, uchaguzi mdogo unakuja." Inategemea ni kiti gani.

Je, wajua kuwa wakazi wa jiji la Mwanza hawampigii kura meya wao?
Meya huchaguliwa na madiwani, naye ni diwani mwenzao. Sengerema ni vivyo hivyo kwa mwenyekiti wa halmashauri. Kwa hiyo meya akifariki, viti viwili hubaki wazi kwa mpigo, na kila kimoja kina wapiga kura wake: wananchi wa kata yake humchagua diwani mpya, na madiwani humchagua meya mpya. Mkurugenzi wa jiji hahusiki na kura yoyote, kwani yeye huteuliwa na Rais.

Je, wajua kuwa uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji na wa diwani husimamiwa na mamlaka tofauti?
Mkazi wa Kamanga humchagua mwenyekiti wa kitongoji na wa kijiji. Mwenzake wa jijini humchagua mwenyekiti wa mtaa. Chaguzi hizo, kama ule wa tarehe 27 Novemba 2024, husimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Uchaguzi wa diwani, mbunge na Rais uko chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Mwananchi ni yuleyule, ila ngazi ikibadilika, msimamizi naye hubadilika.

Je, wajua kuwa uchaguzi mdogo una msimu wa kufungwa?
Ibara ya 76 ya Katiba ya Tanzania inazuia uchaguzi mdogo wa ubunge ndani ya miezi 12 kabla ya tarehe inayofahamika ya kuvunjwa kwa Bunge. Mbunge akifariki katika kipindi hicho, jimbo husubiri uchaguzi mkuu bila mwakilishi wake bungeni.

Je, wajua kuwa utoro unaweza kuleta uchaguzi?
Mbunge anayekosa mikutano mitatu ya Bunge mfululizo bila ruhusa ya Spika hupoteza kiti. Joshua Nassari wa CHADEMA aliingia bungeni kwa uchaguzi mdogo wa Arumeru Mashariki, tarehe 1 Aprili 2012, baada ya kifo cha Jeremiah Sumari. Alimshinda Sioi Sumari wa CCM, mtoto wa marehemu. Mwaka 2019 kiti hichohicho kilitangazwa kuwa wazi kwa sababu ya mikutano mitatu aliyoikosa Nassari.

Je, wajua kuwa uchaguzi mdogo unaweza kumalizika bila kura hata moja?
Katiba haimruhusu mbunge kuhama chama na kubaki na kiti. Mwaka 2018 mbunge wa Ukerewe, Joseph Mkundi, aliondoka CHADEMA akajiunga na CCM, na kiti kikawa wazi. CCM ikamsimamisha yeye mwenyewe, akapita bila kupingwa. Wapiga kura wa kisiwani hawakupanga foleni. Siku hizi njia hiyo imezibwa: chini ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2024, mgombea akibaki peke yake, wananchi humpigia kura ya ndiyo au hapana.

Je, wajua kuwa kuna wabunge na madiwani ambao viti vyao haviitishiwi uchaguzi mdogo?
Ni wa viti maalumu vya wanawake. Nafasi ikiachwa wazi, Tume hurudi kwenye orodha ya chama husika na kumpata wa kuijaza.

Je, wajua kuwa hata kiti cha Rais hakiitishiwi uchaguzi mdogo?
John Magufuli, aliyewahi kufundisha Sekondari ya Sengerema, alifariki akiwa madarakani tarehe 17 Machi 2021. Siku mbili baadaye Makamu wake, Samia Suluhu Hassan, aliapishwa kumalizia muhula, kama inavyoagiza Ibara ya 37. Ibara ya 40 nayo huhesabu muda: Makamu aliyeshika kiti kwa chini ya miaka mitatu anaweza kugombea urais mara mbili, akifikisha mitatu au zaidi, mara moja tu.

Je, wajua kuwa kifo cha mgombea mwenza kiliwahi kusogeza uchaguzi wa nchi nzima?
Mwaka 2005 Watanzania walijiandaa kupiga kura tarehe 30 Oktoba. Siku chache kabla, Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa CHADEMA, akafariki. Uchaguzi wa Muungano ukasogezwa hadi tarehe 14 Desemba, huku Zanzibar ikimchagua Rais wake kwa tarehe ileile ya awali. Anapofariki mgombea ubunge, jimbo lake peke yake ndilo husubiri. Ndivyo ilivyokuwa Arusha Mjini mwaka 2015: kura ya ubunge ilipigwa Desemba.

Je, wajua kuwa Kenya imeweka siku, na bado watu walisubiri miaka?
Katiba ya Kenya inataka uchaguzi mdogo wa ubunge ndani ya siku 90 tangu kiti kibaki wazi. Lakini tume ya uchaguzi, IEBC, ilikaa bila makamishna tangu mwanzoni mwa 2023 hadi Julai 2025. Jimbo la Banissa, lililofiwa na mbunge wake Machi 2023, lilipiga kura tarehe 27 Novemba 2025.

Je, wajua kuwa Nairobi iliwahi kuongozwa na gavana ambaye hakupigiwa kura na wakazi?
Naibu wa Gavana Mike Sonko alijiuzulu mwaka 2018, na nafasi yake ikakaa wazi. Seneti ilipomwondoa Sonko Desemba 2020, hapakuwa na naibu wa kurithi, hivyo uchaguzi ukapangwa tarehe 18 Februari 2021. Mahakama ikausimamisha. Wakati huohuo Ann Kananu, aliyekuwa amependekezwa na Sonko, akaidhinishwa na bunge la kaunti na kuapishwa kuwa naibu gavana. Novemba 2021 akaapishwa kuwa gavana. Unaibu aliupata kwa kura za wawakilishi wa wadi, na unaibu ndio uliompa ugavana. Wakazi wa Nairobi walisubiri hadi Agosti 2022 kuchagua gavana wao.