Video nzuri kwa simu yako: anza na masikio, kisha macho

Mwaka jana tulikwenda Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kuzungumza na mzee mmoja ambaye babu yake alikuwa mpagazi katika misafara ya zamani. Tulimketisha chini ya mwembe, tukasimama hatua nne mbele yake, tukawasha kamera ya simu. Akasimulia kwa dakika 40. Alieleza jinsi mizigo ilivyofungwa, akaimba wimbo ambao babu yake alimwambia waliuimba wakikaribia kambi, akataja jina la utani ambalo babu alipewa njiani na ambalo hadi leo ni jina la ukoo.

Tuliporudi studio tukafungua video. Picha ilikuwa safi kabisa. Sauti ilikuwa upepo mtupu, na jogoo wa jirani.

Wiki mbili baadaye tulirudi. Mzee hakukasirika. Alitucheka tu, "Ninyi watu wa redio mnashindwa na sauti?" Kisha akasimulia tena. Lakini simulizi ya pili haiwi kama ya kwanza. Ilikuwa fupi, na wimbo alisema umemtoka. Mpaka leo hatuna wimbo ule.

Tunaeleza aibu yetu hii kwa sababu kila wiki wasikilizaji wetu wanatutumia video kwa WhatsApp: shamba la tumbaku lililopigwa na mvua ya mawe, asali ya Sikonge inayotafuta mnunuzi, ngoma ya harusi, bibi anayesimulia hadithi. Nyingi tunashindwa kuzitumia, na mara nyingi kosa si bei ya simu. Ni mambo machache ambayo mtu yeyote anaweza kuyarekebisha bila kununua kitu.

Simu inatosha

Mwaka 2015 filamu ya Kimarekani iitwayo Tangerine, ya mwongozaji Sean Baker, ilioneshwa kwenye majumba ya sinema ikiwa imepigwa kwa simu ya iPhone 5s. Simu nyingi zinazouzwa leo katika maduka ya Tabora zina kamera isiyo mbali na ile.

Hapa nyumbani tunaye Kili Paul, kijana wa Kimasai wa mkoa wa Pwani, ambaye pamoja na dada yake Neema alijulikana dunia nzima kwa video za simu akifuatisha kwa midomo nyimbo za Kihindi. Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliwataja ndugu hao katika kipindi chake cha redio. Ukitazama video zao za mwanzo utaona hakuna mambo makubwa: mwanga wa mchana, simu iliyotulia, watu wanaoonekana vizuri.

Ila kuna tofauti moja. Wao sauti yao ni ya wimbo uliorekodiwa studio. Wewe unayetaka kuuza asali au kumrekodi bibi, sauti ni yako ya kuitafuta mwenyewe. Ndiyo maana tunaanza nayo.

Sauti: sogea karibu

Mtu anaweza kuvumilia picha yenye giza kidogo. Maneno yasiyosikika hayavumiliki.

Maiki ya simu haichagui. Inachukua kila kilicho karibu nayo: upepo, mashine ya kusaga, pikipiki, mvua juu ya bati. Ukisimama mbali na msemaji, sauti yake inapungua sana, lakini kelele za upepo haziondoki. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kusogea. Simu iwe umbali wa mkono mmoja au miwili kutoka kwa anayesema, si zaidi.

Dawa ya pili ni kuchagua mahali. Ukuta wa nyumba unakinga upepo kuliko mti. Geuza mgongo wako upande upepo unakotoka. Omba redio izimwe (ndiyo, hata sisi tunasema hivyo) na watoto wapewe kazi ya kufukuza kuku.

Dawa ya tatu ni simu ya pili. Kama kuna simu nyingine yenye kirekodi sauti, hata ya bei ndogo, iwashe na uiweke mfukoni mwa shati la msemaji, upande wenye maiki ukiwa juu. Kwenye simu nyingi maiki iko chini, karibu na tundu la chaji, kwa hiyo utaigeuza kichwa chini. Kisha piga kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri utalitafuta kofi hilo kwenye sauti na kwenye picha, uyaweke pamoja, na midomo italingana na maneno. Waya wa kusikilizia wenye maiki ndogo nao unafaa kubanwa kwenye kola, ila baadhi ya simu haziutumii wakati wa kupiga video, hivyo jaribu kwanza.

Dawa ya mwisho ndiyo tuliyoikosa Kwihara. Rekodi sekunde 20, simama, sikiliza kwa spika za masikioni. Ukisikia upepo, hama. Usiseme "tutarekebisha baadaye". Upepo ukishaingia juu ya maneno, kuutoa ni kazi ngumu sana hata kwa mafundi.

Mwanga: uso uutazame mwanga

Simu hupima mwanga wa picha nzima, kisha hufanya wastani. Ukimweka mtu mbele ya anga jeupe au dirisha, simu inaona mwanga mwingi, inapunguza, na uso unakuwa mweusi usiotambulika. Kwa hiyo jua liwe nyuma ya mpiga picha au pembeni yake, si nyuma ya msemaji. Ukiweza, gusa uso wa msemaji kwenye kioo cha simu na uushikilie kidogo. Simu nyingi hapo hufunga kipimo cha mwanga kwenye uso huo, na picha haibadiliki badiliki.

Jua letu la mchana linasimama utosini. Linafanya macho kuwa mashimo meusi. Rekodi kabla ya saa 3 asubuhi au kuanzia saa 10 jioni. Ukilazimika mchana, tafuta kivuli kizima, kwa mfano upenuni. Kivuli cha mwembe ni kizuri iwapo majani yamefungana, lakini kikiwa na matundu utapata uso wenye madoadoa ya jua.

Ndani ya nyumba, mketishe msemaji akiutazama mlango, nawe ukae karibu na mlango. Jumba la makumbusho la Livingstone pale Kwihara ni mfano mzuri wa kujifunzia. Vyumba vina giza, nje kuna jua kali. Ukitembea na kamera kutoka chumbani hadi nje, picha inawaka ghafla kama imemwagiwa chokaa. Rekodi chumba peke yake, uzime, utoke, kisha urekodi nje.

Usiku, taa ya sola isielekezwe usoni. Ielekeze kwenye ukuta mweupe ulio pembeni ya msemaji, na mwanga utakaorudi utakuwa laini. Chini ya taa za umeme, ukiona mistari inapita kwenye kioo, ingia kwenye mipangilio ya kamera utafute 50 Hz, maana umeme wa Tanzania ndio mzunguko wake.

Mkono: simu itulie

Huhitaji stendi ya dukani. Kata panda ya mti, ichomeke ardhini, funga simu kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Gunia la mpunga juu ya kiti nalo linashika simu vizuri. Ukikosa vyote, bana viwiko kwenye mbavu, egemea ukuta, pumua taratibu.

Usivute picha kwa vidole viwili. Kwenye simu nyingi za kawaida huko ni kukuza chembe za picha tu, na ubora unapotea. Ukitaka karibu, tembea.

Amua mapema kama simu italala au itasimama. Video ya YouTube, runinga au tovuti ilazwe. Video ya TikTok au ya status isimame. Ukianza kwa kuilaza usije ukaisimamisha katikati.

Picha tano, si moja ndefu

Msikilizaji mmoja wa Sikonge alitutumia video ya dakika 11 ya mizinga yake, kamera ikizunguka kushoto na kulia bila kutua. Tulimwomba arudi porini na picha tano tu, kila moja sekunde 10, kamera isitikisike: msitu wa miombo kutoka mbali, yeye na mzinga mtini, mikono yake ikifungua mzinga, asali ikidondoka, kwa karibu sana, na uso wake akiitazama. Kisha akae mahali patulivu aeleze asali ni ya maua gani, lini imevunwa na anauzaje.

Video ya pili ilikuwa na dakika moja na nusu. Mnunuzi akiitazama anajua mahali, mtu, kazi na bidhaa. Mpangilio huu wa mbali, kati, karibu, mikono na uso unafaa kwa shamba, ufinyanzi, mkutano wa kijiji na hata jiko la bibi.

Kumrekodi mzee

Hapa ndipo tunapotaka wasikilizaji wetu watusaidie. Tabora imekaa kwenye njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Stanley na Livingstone walifika Kwihara Februari 1872. Stanley akaondoka Machi, Livingstone akabaki hadi Agosti akingoja watu wa kumbebea mizigo. Tunazijua tarehe hizi kwa sababu wageni hao waliandika. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi waliobeba pembe, vitambaa na shanga hawakuandika, na wengi hata majina yao hayakuandikwa. Tangu mwaka 2006 njia hii, Kwihara ikiwemo, imo katika orodha ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Lakini nyumba na miembe havisemi. Wanaosema ni wajukuu, nao wamezeeka.

Basi ukienda kwa mzee, usianze kwa kutoa simu. Mwamkie, keti, zungumza mambo mengine. Eleza unataka kurekodi nini na video itakwenda wapi. Akikubali, weka simu kwenye panda yake, nawe ukae kando ya simu ili akutazame wewe.

Uliza maswali yanayohitaji maelezo: "Babu alikueleza nini kuhusu safari?" badala ya "Je, babu alikuwa mpagazi?" Asemapo, itikia kwa kichwa, maana kila "ehee" yako itaingia juu ya maneno yake. Akinyamaza usikimbilie swali jingine. Mara nyingi jambo kubwa linakuja baada ya ukimya. Akipenda kusema Kinyamwezi, mwache aseme Kinyamwezi. Tafsiri ya maandishi unaweza kuiongeza baadaye.

Ruhusa

Mwenye uso ndiye mwenye uamuzi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria huo ni ungwana. Kwa mtoto, omba kwa mzazi au mlezi. Kwenye makumbusho, shule, hospitali au stesheni ya reli, omba kwa msimamizi. Kambi za jeshi na vituo vya polisi usirekodi. Nyimbo za wasanii zina wenyewe, kwa hiyo usizibandike tu kwenye video yako ya biashara.

Kuhariri, kutuma na kutunza

CapCut na InShot ni programu za simu ambazo unaweza kuanza nazo bila malipo. Kata mwanzo na mwisho, panga picha tano, weka jina la mtu na mahali. Inatosha. Maua yanayoruka na maandishi yanayozunguka yanamchosha mtazamaji.

Dakika moja ya video ya 1080p hula takriban megabaiti 60 hadi 130, kutegemea simu, na 4K hula karibu mara tatu ya hapo. Mazungumzo ya dakika 40 yanaweza kufika gigabaiti 5, kwa hiyo futa visivyohitajika kabla ya kutoka nyumbani, chaji betri, na uweke simu kwenye hali ya ndege ili mtu asipige katikati. Kama nafasi ni ndogo, 720p inafaa kwa mazungumzo.

Unapotuma kwa WhatsApp, video huminywa na kupoteza ubora. Itume kama dokumenti, si kama video. Njia hiyo inapokea faili hadi gigabaiti 2. Inakula bando zaidi, hivyo kata kwanza, tuma baadaye.

Na usiache simulizi kwenye simu moja. Simu huanguka mtoni, huibiwa, hupewa watoto. Nakili kwenye memori kadi au fleshi, andika jina la msemaji, kijiji na tarehe, umpe mtu mwingine nakala. Familia ya msemaji iwe ya kwanza kupata yake.

Kabla ya kubonyeza kitufe chekundu

Lenzi umeifuta kwa kitambaa laini? Nafasi na betri vinatosha? Uso unautazama mwanga? Simu imetulia? Umesikiliza sekunde 20 za majaribio?

Hilo la mwisho ukilisahau, yote manne yaliyotangulia hayatakusaidia. Sisi tunajua. Mzee wetu wa Kwihara bado yupo, na kila tukipita tunamuuliza kama wimbo umemrudia. Anasema bado. Simu tunayo mfukoni, imechajiwa.