Damu isiyopanda hata kwa vidonge: tezi ya kifuani inapohusika

Tukisikia mtu amepungukiwa damu, tunawaza lishe, minyoo, malaria au hedhi nzito. Mara nyingi ndiyo sababu. Lakini huenda unamuuguza mama au mama mkwe aliyekunywa vidonge vya kuongeza damu miezi miwili, akala maini na mchicha, hata akaongezewa damu, na baada ya wiki chache imeshuka tena. Usimwongezee vidonge kwa kukisia. Mrudishe hospitali.

Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi iitwayo thaimasi. Ndiyo shule ya chembe za kinga ziitwazo seli T: hujifunza kumtambua adui, na zinazotaka kuushambulia mwili wenyewe huondolewa. (Utotoni tezi hii ni kubwa, kwa hiyo kivuli chake kwenye picha ya kifua ya mtoto mchanga mara nyingi ni cha kawaida.) Mtu mzima akiota uvimbe hapo, mafunzo huvurugika. Seli T zenye kazi ya kuua huzidi nguvu zile za kuzituliza. Kwa wagonjwa wachache, huingia kwenye uboho wa mifupa na kuua chembe changa ambazo zingekua kuwa chembe nyekundu za damu. Ndiyo maana madini ya chuma hayasaidii: malighafi ipo, mafundi wameuawa. Na kwa kuwa chembe nyekundu huishi takribani siku 120, damu hushuka polepole. Mgonjwa huzoea uchovu, nasi tunasema ni uzee.

Muulize daktari kama chembe nyekundu changa zimehesabiwa. Zikiwa karibu hakuna, huku chembe nyeupe na chembe sahani ziko sawa, atataka kupima uboho na kupiga picha ya CT ya kifua. Mweleze pia kama kope zinalegea, anaona viwili viwili au anapaliwa akimeza. Uvimbe huohuo unaweza kuleta hayo. Akishindwa kupumua, usingoje asubuhi.

Uvimbe hutolewa kwa upasuaji, ila upasuaji peke yake mara nyingi haurudishi damu. Wengi huhitaji dawa za kutuliza kinga, kama saiklosporini, kwa miezi mingi. Akiwa kwenye dawa hizo, homa yoyote ni ya kuwahishwa hospitali. Tunza karatasi za upasuaji, maana wapo ambao damu huanza kupungua miaka kadhaa baadaye, na daktari mpya hatajua asipoambiwa.