Wenye Pwani Nyuma ya Ukuta

Mwaka 1956, miaka sita kabla ya bendera ya Uingereza kushushwa Jamaika, ilitungwa kisiwani humo sheria ya kusimamia fukwe, ambayo iliikabidhi serikali ukingo wote unaofunikwa na maji yakijaa na kufunuliwa yakipwa, ikawabakishia wavuvi haki walizokuwa nazo tangu kale, lakini ikamwacha raia mwingine yeyote bila haki ya jumla ya kuoga wala kupita kwa miguu kando ya bahari iliyomlea. Uhuru ulipokuja, tarehe 6 Agosti 1962, sheria hiyo haikufutwa. Na kwa kuwa matumizi ya ufuo yamekuwa jambo la leseni, na leseni aghalabu humwendea mwenye mtaji, mahoteli yalipozidi kuota kutoka Negril hadi Ocho Rios yaliota yakiwa na sheria upande wao.

Mgeni hayajui hayo, wala simlaumu kwa kutoyajua, maana safari yake imepangwa ili asiyajue. Akishuka uwanja wa ndege wa Montego Bay hulakiwa na basi, basi humfikisha hotelini, na hotelini huvishwa kikuku cha plastiki ambacho kwacho atakula, atakunywa na kuogelea pasipo kugusa pochi, kwa kuwa yote yalilipiwa kabla hajatoka kwao. Basi ana haja gani ya kutoka nje ya lango? Na kama haja ingekuwapo, khofu ingemrudisha: Januari 2018, serikali ilipotangaza hali ya hatari katika jimbo la St. James, ambamo ndimo Montego Bay ilimo, kwa sababu ya wingi wa mauaji, wageni walishauriwa na serikali zao wabaki ndani ya mahoteli. Waliokuwa wakiuawa ni wenyeji wa mitaa ya maskini, na wao hawakuwa na hoteli ya kujisitiri. Mwaka uliofuata kisiwa kilipokea wageni zaidi ya milioni 4, ilhali wananchi wenyewe hawafiki milioni 3, na takwimu hiyo ikasomwa kwa fakhari kubwa.

Juu ya vilima vinavyoutazama mji huo iko mitaa kama Norwood na Canterbury, ambayo ilikua kwa watu kujijengea wenyewe kwenye ardhi wasiyo na hati yake, mbao kwa mabati, na humo hutoka sehemu kubwa ya mikono inayotandika vitanda, inayokata nanasi na kufagia mwani mchangani kabla mgeni hajaamka. Mfanyakazi huondoka nyumbani giza halijapambazuka, akabanana na wenzake kwenye teksi ya abiria wengi. Afikapo huingilia mlango wa nyuma, huvaa sare yenye jina lake kifuani, na jioni mkoba wake hupekuliwa ndipo aruhusiwe kwenda zake. Wengi hupewa mikataba ya miezi michache, ikaisha na kuanzishwa upya, hata mtu akatumikia miaka na miaka asihesabiwe kuwa mwajiriwa wa kudumu mwenye stahili ya kiinua mgongo. Fauka ya hayo hutakiwa atabasamu, awe amefiwa, awe amefurikiwa na mvua usiku kucha; na mimi naona kwamba tabasamu hilo nalo ni kazi, tena nzito, ambayo hakuna aliyewahi kuiandikia ujira.

Msomaji wa Malindi au wa Nungwi hahitaji kufasiriwa zaidi.

Katika kiamsha kinywa cha hoteli kuna maziwa, na maziwa yana kisa chake. Jamaika, iliyokuwa imefungamana na mikopo ya Shirika la Fedha la Kimataifa tangu 1977, ililazimika kulegeza ushuru wa bidhaa za nje, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 maziwa ya unga, ambayo serikali za nchi tajiri zilikuwa zikiyalipia ruzuku, yalimiminika kwa bei ambayo mfugaji wa kisiwani hakuweza kuishindania, hata ikawa mtu anakamua ng'ombe wake asubuhi na kumwaga maziwa chini, kisha akampeleka ng'ombe mwenyewe machinjoni. Filamu ya Stephanie Black ya 2001, Life and Debt, imeyaonyesha hayo bayana. Kwa hiyo hata fedha ya mgeni inayobahatika kuvuka lango hurudi ng'ambo kununua chakula.

Kwenye kisiwa kingine cha Karibi, Barbuda, dhuluma imekwenda mbali zaidi. Tangu utumwa ulipokomeshwa, 1834, watu wa kisiwa hicho kidogo waliishi kwenye ardhi waliyoishika kwa shirika, pasipo kuuziana, desturi ambayo sheria ya 2007 iliithibitisha. Tarehe 6 Septemba 2017 kimbunga Irma kikakivunjavunja kisiwa, na wakazi wote, kwa kuwa kimbunga kingine kilikuwa njiani, wakahamishiwa kisiwa jirani cha Antigua. Nao wakiwa huko ukimbizini, bila nyumba na bila shule, matingatinga yalianza kufyeka msitu ili kupatikane uwanja mpya wa ndege wa kuwahudumia wageni wa kitajiri. Wenyeji wawili walishitaki, na mwaka 2024 mahakama yao ya mwisho ya rufaa, Baraza la Faragha (Privy Council) lililoko London, ikaamua kwamba walikuwa na haki ya kuhoji ujenzi ule mahakamani. Uamuzi ulikuwa wa insafu, ila uwanja ulikwisha kujengwa.

Huko Jamaika harakati ya kutetea haki ya wananchi kufika fukweni, iitwayo JaBBEM, imeyapeleka mahakamani mashauri ya fukwe kadhaa, mojawapo ya Mammee Bay, ikitegemea sheria ya 1882 isemayo kwamba waliotumia mahali kwa miaka 20 mfululizo, hadharani na bila kuzuiwa, wamepata haki ya kuendelea. Kwa hiyo wazee wanapaswa kuthibitisha kwamba utotoni walioga hapo, kwamba wavuvi walipitia hapo na madema yao, na kwamba njia ilikuwapo kabla ya ukuta. Barbados, ambako fukwe zote ni za umma hata kama vichochoro vya kuzifikia huzozaniwa, mzee wa kijijini haulizwi ushahidi wa namna hiyo, na watalii hawajaacha kwenda Barbados.